Bukari ya Chini ya Ardhi

Juzi binti yangu na rafiki zake walikuwa uani kwetu wakibishania vitabu vyao vya mashujaa vijana na miungu ya Wagiriki. Ubishi ulimhusu msichana aliyekula chakula cha kuzimu, ikambidi awe anarudi huko kila mwaka.

"Ni kosa yake," alisema mmoja.

"Weye! Alikuwa na njala!" binti yangu alidakia.

Mimi, mwenye diploma ya falsafa ukutani, nilikumbuka utoto wangu. Hadithi hiyo nilisomewa na dada yangu kutoka kitabu chake cha shule, wakati baba alipokuwa akifanya kazi chini mgodini. Kila asubuhi baba alibeba bukari, ugali wa kwetu, na samaki ndani ya kopo. Asubuhi baada ya kusomewa hadithi ile nililificha kopo lake kwenye gunia la makaa, kisha alasiri nikakaa mlangoni, mikono ikinuka makaa na samaki, nikisubiri king'ora cha mgodi.

Baba alifika na vumbi hadi kwenye kope. Nilimrukia. Nilikuwa nimemwokoa.

"Kopo yangu ilipotea," alimwambia mama. "Lakini barafiki balinigawia bukari yabo kule chini. Nimeshiba."

Nililia, na hakuna aliyejua kwa nini.

Asubuhi alivaa buti akarudi mgodini. Leo najua kilichomrudisha ni matumbo yetu. Wakati ule niliona tu kwamba hadithi ya dada ilisema kweli: aliyekula chini hurudi chini.