Mafuta Yaliyozidi Kwenye Shokapu

Mafundi wenzake walimwita Sikio. Alikuwa akiukandamiza usukani wa pikipiki mara mbili tatu, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akakwambia shokapu ya mbele, ile inayomeza mitikisiko, ina kasoro gani. Miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo nyuma ya duka la matairi, na sifa zilikuwa zimemvimbisha kichwa kidogo.

Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa fundi cherehani. Alipeleka sare za shule kwa pikipiki, na kila alipofunga breki, mbele kulizama mpaka mzigo ukamgonga mgongoni. Akaomba shokapu ziimarishwe. Sikio akaweka springi ngumu na mafuta mazito. Kazi ile hudai upime kwa rula nafasi ya hewa inayobaki juu ya mafuta, kila upande peke yake, maana hewa hiyo ndiyo inayoiachia shokapu nafasi ya kubonyea. Siku hiyo wateja wanne walikuwa wamemkalia kooni. Akakadiria kwa macho, akafunga.

"Shemeji, sasa hata matuta hutayasikia," alisema, na wote wawili wakacheka.

Siku ya tatu shemeji alivuka tuta akiwa na mzigo. Shokapu zikabonyea kidogo tu, zikagoma ghafla kama gogo. Usukani ukamponyoka. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kushikia mkasi.

Sikio aliikokota pikipiki hadi gereji, akafungua, akatia rula. Hewa ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Akapunguza mafuta, akafunga, asimwambie mtu.

Kilichomtafuna zaidi hakikuwa ile plasta ngumu mkononi mwa shemeji. Kila alipokwenda kumjulia hali, shemeji alijilaumu mwenyewe.

"Uzee huu. Niliingia na mwendo. Wewe ulitengeneza vizuri, mimi ndiye sijui kuendesha tena."

Dada alimletea chai na kumshukuru kwa kuikokota pikipiki.

Wiki ya tatu shemeji akasema, "Nitafutie mtu wa kuinunua. Mimi basi."

Sikio akaweka kikombe chini. "Shemeji, hukukosea. Mafuta niliyazidisha mimi. Sikupima."

Shemeji akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Kwa hiyo wiki tatu umekaa hapo unanisikiliza nikijitukana."

Hakupaza sauti. Dada alikichukua kikombe kikiwa bado kimejaa. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Leo sina la kukwambia."

Kesho yake Sikio alirudi, akaomba mkasi. Kila alasiri akawa anakata vitambaa kwa kufuata chaki ya shemeji, ambaye alielekeza kwa maneno machache, bila utani. Kola za kwanza zilikwenda upande, wakazitupa. Gereji nako aliwaambia mafundi wenzake alichofanya, kabla hawajakisikia kwingine.

Plasta ilipotolewa, shemeji alikuja gereji, akataka shokapu zifunguliwe mbele yake. Rula aliishika mwenyewe. Akapima upande mmoja, akapima wa pili, akarudia. Kisha akawasha pikipiki, akazunguka mtaa polepole, akarudi.

"Inakwenda," alisema.

Hakuiuza. Utani nao umeanza kurudi, kidogo kidogo. Lakini kifundo kile hakikunjiki sawasawa tena. Wanapokula pamoja Sikio hukikodolea macho, na shemeji akigundua, huushusha mkono chini ya meza.