Profesa Alisema Redioni

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Shule niliiacha mapema, na mifugo yangu nimeipata kwa jasho, sikupewa na mtu. Ndiyo sababu sipendi kufundishwa.

Mwezi uliopita tulitaka kukutana hapa Garsen juu ya malka, njia ya ng'ombe kushuka mtoni, ambayo sasa imezibwa na shamba la mtu. Ndugu yangu mdogo, Barisa, akataka kwanza aombe ruhusa kwa D.O., mkuu wa tarafa.

"Ruhusa ya nini?" nikamfokea. "Jana profesa wa sheria alisema redioni kwamba sheria ya kuomba ruhusa ni batili. Imekwisha kufa!"

"Kaka, yule ni mwalimu tu."

"Mwalimu anawekwa redioni bure?"

Kwangu mimi redio ni serikali. Waziri hufutwa kazi kwenye habari za saa saba, na ikifika saa nane kiti si chake tena. Basi Barisa akanitii, akaitisha mkutano. Polisi wakamchukua akiwa bado anazungumza.

Kortini nikasimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, profesa ameshaifuta hiyo sheria!"

"Mzee, profesa alitoa maoni yake," hakimu akasema. "Sheria bado ipo. Kwani wewe ndiye uliyemwambia mshtakiwa asiombe ruhusa?"

Watu wote wakanigeukia. Barisa, huku kifungo kinamngoja, akawahi kujibu: "Hapana, mheshimiwa. Ulikuwa uamuzi wangu mwenyewe."

Nami, mwenye sauti ya kunyamazisha baraza zima, nikaketi.