Cherehani na Kombe la Ufini

Ufini sijafika, na kwa umri huu na magoti haya sitafika. Lakini kulikuwa na msimu mmoja pale Cheyo, mtaani kwetu Tabora, ambapo mtu akitaka habari za mpira wa Ufini hakuwa na pa kwenda ila kwangu. Niliulizwa barazani, niliulizwa sokoni, hata mlangoni pa msikiti mtu alinivuta kanzu tukivaa viatu akataka kujua kama timu ya ule mji wa viwanda vya karatasi itapona Jumapili. Nami nilijibu. Ndiyo shida yangu, kunyamaza sijui.

Vijana nikiwaambia hucheka wakidhani nawatania. Wao siku hizi wanabashiri kwenye simu, tena mchana kweupe. Siku zile za Ujamaa kamari ilikuwa kosa serikalini na dhambi msikitini, na sisi tulikuwa watu wa mji, Waislamu wa tangu enzi za misafara, tunaojua haramu ni nini. Basi tukajidanganya. Tukasema pasipo na fedha hapana kamari, tukawa tunawekeana kashata, kahawa, na siku ya mbwembwe jogoo. Mwanzo tulibashiri timu za Dar es Salaam, lakini hizo zilitugombanisha hadi ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kusalimiana, na kwetu kuacha kusalimiana ni kubaya kuliko kupigana. Tukatafuta mpira usio na mwenyewe. Ufini ikaingia hapo.

Niliileta mimi. Nilikuwa dereva wa Mfini mmoja aliyekuja kuchimba visima vya vijiji vipya, leo tuko Usoke, kesho kutwa tumeelekea Tura. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye redio kubwa iliyomletea sauti za kwao kwa mikwaruzo. Barua zake zilikuja na vipande vya magazeti, na tukiwa njiani alinisimulia kwa Kiswahili chake cha kuombea spana: nani kafunga, nani kaumia, uwanja gani umelowa. Jioni nikirudi nayamwaga yote barazani, nikisema kwa sauti ya mtu aliyetoka uwanjani sasa hivi. Wenzangu wakinisikiliza wanaweka madau yao. Nilipenda kusikilizwa. Nasema wazi, nilipenda mno.

Baraza lilikuwa la fundi cherehani, jirani yangu, aliyenizidi umri kidogo nami nikimwita kaka. Ndiye aliyenishonea kanzu ya harusi. Cherehani yake ilikuwa ile ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, imechubuka, aliyoachiwa na baba yake, na hakuwa na kitu kingine duniani. Shamba hakuwa nalo, ng'ombe hakuwa nao. Mkewe alikuwa akisema kwa utani kwamba ile cherehani ndiyo mke mkubwa.

Mwingine aliyekuwa hakosi ni Mzaramo mmoja wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wetu umezaliwa njiani, wazee wetu walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu kichwani kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akikutukana unacheka. Akikuchukulia kitu chako unakwenda kukikomboa kwa kuku na maneno ya kuchekesha, naye anakurudishia. Anayekasirika ndiye mjinga. Huyu Mzaramo kila akifika barazani, badala ya hodi, alikuwa akiuliza, "Wapagazi mpo?"

Ikafika fainali ya kombe lao, ya kuchezwa Jumapili. Timu ya mji wa Mfini wangu, ule wa viwanda vya karatasi, ikutane na timu ya mji mkuu. Baraza zima likanigeukia. Nami sikuwa na la kuwaambia, maana Mfini juma lile hakupata barua.

Kisha asubuhi ya Jumamosi nikaenda kumchukua. Mfini yule tulikuwa tumemfundisha adabu zetu. Kila siku ananianza kwa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kisha habari za nyumbani, za watoto, za mama, mpaka aulize na mbuzi. Siku hiyo akaingia garini, akatikisa kichwa, basi. Njia nzima anatazama miti. Nikamuuliza kuhusu mpira, akasema tutaona, akageuza uso dirishani. Sasa niambieni nyie, mtu wa Tabora aone mtu anakatisha salamu, atafikiri nini? Kwetu anayekatisha salamu ana msiba. Nikajua kaisikia habari mbaya ya timu yake redioni na anaona haya kunieleza.

Jioni nikafika barazani, nikasimama kabla ya kukaa.

"Timu ya kwao imekwisha," nikasema. "Mzungu hasalimii."

Hakuna aliyehitaji maelezo. Watu waliguna, wakatikisa vichwa kwa kumwonea huruma, na mmoja baada ya mwingine wakaweka vijidau vyao kwa timu ya mji mkuu. Yule Mzaramo akasema yeye yuko na huyo mzungu asiyesalimia, kwa sababu popote wapagazi wanapokwenda yeye huenda kwingine. Kisha akamgeukia fundi.

"Wewe weka hiyo cherehani. Ukishindwa utanibebea kichwani mpaka kwangu reli, kama babu yako alivyombebea babu yangu. Nikishindwa mimi, baiskeli yangu ni yako."

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, maana afanye nini, mtani keshasema mbele za watu. Kukataa ni aibu, kukasirika ni ujinga. Lakini hakumtazama mtani wake. Alinitazama mimi.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Kaka, hiyo timu imekwisha," nikamjibu.

Wazee wanasema ulimi uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Jumatatu Mfini alinipokea kwa salamu ndefu isiyo na mwisho, mpaka za shangazi zangu. Timu yake ilikuwa imechukua kombe. Nikamuuliza, mbona Jumamosi ulikuwa kama mfiwa? Akaona ajabu. Akaniambia huko kwao mtu mwenye tumaini kubwa hulifumbia mdomo, asije akaliharibu kwa maneno. Kumbe alinyamaza kwa matumaini. Nikawasha gari, nikaiwaza cherehani.

Fundi hakungoja kudaiwa. Kesho yake alijitwika cherehani yake akapita nayo katikati ya mji, watu wanacheka, naye anacheka, jasho linamtiririka. Nilimwomba nimpelekee kwa gari, akakataa, akasema masharti ni kichwa. Nilitembea nyuma yake hadi nyumba za reli. Mzaramo aliipokea kwa vigelegele vya kiume na maneno yake yote ya upagazi, akaiweka juu ya kabati, akangoja.

Alikuwa akingoja kuku. Hili ndilo linalonikereketa hadi leo. Kwa Mzaramo ule ulikuwa utani tangu mwanzo hadi mwisho; siku yoyote fundi angekuja na kuku na maneno mawili matatu ya kuchekesha, angechukua mali yake. Fundi yeye aliona vingine. Alisema cha utani hukombolewa, lakini cha dau hulipwa, na mwanamume akienda na kuku kudai alichoshindwa kihalali ni sawa na kwenda kulia. Basi huyu anangoja na huyu hangoji kitu. Nami nilizijua nia zote mbili, maana wote wawili walinieleza. Lakini utani ukiufafanua umeuua. Nikajiambia ni siku chache tu, watamaliza wenyewe. Nikapanda gari nikaenda zangu Usoke na Mfini.

Tukiwa huko watu wa kata wakapita Cheyo na mgambo, wakitafuta wasio na kazi ili wapelekwe vijijini wakalime. Walimkuta fundi barazani kwake, kitambaa mapajani, sindano mkononi. Wakamuuliza kazi yake, akasema fundi cherehani. Wakamuuliza cherehani iko wapi. Angesema kweli, angelitaja baraza zima, na kamari ilikuwa na jela yake. Alinyamaza. Wakamwambia apande lori na wenzake.

Mimi saa hiyo pengine nilikuwa nakunywa chai ya ushindi. Mfini alikuwa amefungua kopo la biskuti za kwao, tukala chini ya kivuli cha gari, tukacheka.

Mzaramo alichoka kungoja. Alijitwika cherehani mwenyewe, na sare yake ya reli, akaja nayo mji mzima akipiga kelele kwamba leo mpagazi ni yeye. Alimkuta mke wa fundi anafunga mizigo amfuate mumewe. Aliitua ile cherehani, akakaa chini mavumbini pale pale, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akimwita mtu mpagazi. Habari yote nilipewa na yule mama nilipotoka Usoke. Aliniambia kwa upole, akanikaribisha chai. Angenitukana ningelala.

Kijiji walichompeleka kilikuwa upande wa Tura, na hatukukawia kupangiwa kisima huko. Mkewe alikuwa ametangulia, akaniachia cherehani; niliifunga kwenye blanketi langu, nikaiweka mbele kati yangu na Mfini. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilijiona nakwenda kutengeneza nilichovunja, na nilikuwa na furaha karibu ya kitoto.

Tulifika watu wako kwenye mkutano. Nilishuka nayo mikononi, na kabla sijamtafuta kwa macho, mwenyekiti wa kijiji alishaniona. Akauliza hiyo ni ya nani. Nikasema kwa fahari ni ya ndugu yetu fundi, mmemchukua bila kifaa chake. Mwenyekiti akasimama akaitangaza: ndugu yetu kutoka mjini ameleta mchango wake katika Ujamaa. Watu wakapiga makofi. Vijana wawili wakainyanyua wakaipeleka ghala la kijiji, na mlango ukafungwa. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya watu na jembe. Naye alipiga makofi. Afanye nini?

Nilimwendea. "Shikamoo kaka," nikasema, na maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea. Vidole vyake vya sindano vilikuwa vimetoka malengelenge.

Aliitikia marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama, za baraza, hakukatisha hata moja. Akamuulizia mtani wake, nikamwambia hajambo. Kisha akatazama kwenye gari, Mfini alikokuwa akishusha mabomba.

"Mzungu kakuamkiaje leo?" akauliza. "Msimu ujao nani atachukua?"

Hakuwa akinisimanga. Ningejua. Alikuwa anataka kusikia, kama zamani.