Godoro la Tabora kwenye Boti ya Ujiji

Dada yangu Felista alinitumia salamu kutoka Ujiji kwamba mumewe, shemeji yangu Yohana, mgongo umemshinda. Yohana ni nahodha wa boti ndogo ya injini, na hulala humo humo, kwenye kitanda cha mbao kilichopigiliwa pembeni mwa kijichumba cha mbele. Mwenye boti ameshasema: asipoweza kusimama kwenye usukani Jumatatu, atatafutwa mwingine. Nyumba nzima inakula kwa usukani ule. Nami ni fundi magodoro, sikuwa na pa kujifichia.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, asubuhi. Nilikwenda kununua sufi kwa mama mmoja mwenye misufi ya zamani.

"Mama, hapa mbegu ni nyingi kuliko sufi."

"Mbegu nakupa bure, baba. Kapande."

Nikahesabu magunia, nikarudia kuyahesabu, naye akanitazama kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kukohoa. Bei haikushuka.

Stesheni ya Tabora. Godoro lilikuwa tayari, nene, nimelijaza mpaka sindano inalia. Karani wa tiketi akauliza, "Hilo ni abiria au mzigo?"

"Mzigo, bwana. Abiria ni huyu aliye chini yake."

Njiani. Daraja la tatu ni benchi la mbao. Nilisafiri na godoro jipya nikiwa nimekaa kwenye mbao, maana godoro la watu halikaliwi. Kaliua nilikuwa sina kiuno. Uvinza wakapanda wauza chumvi, wakaegemeza mifuko kwenye magoti yangu, wakalala wao.

Ujiji. Yohana alinipokea ameinama kama anatafuta sindano iliyodondoka. Tukalitandika godoro. Kile kitanda kilikuwa kimekatwa chembamba upande wa miguuni kufuata umbo la boti, na godoro langu lilikuwa la mstatili, kwa hiyo kona moja ikapanda ukutani. Nikaipiga ngumi ikatulia.

Alilala humo. Kulipokucha hakuweza hata kuvaa shati.

"Shemeji," akasema, "umeniletea jiwe lenye maua."

Nikalinyanyua. Chini lilikuwa limelowa chepechepe, sufi imeshikana mabonge. Zile mbao zilikuwa zinatoka jasho. Hapo ndipo akili ilinijia, imechoka kama mwenyewe: kwetu kila godoro hulala juu ya kitanda cha kamba. Chini yake hewa inapita, na kamba zinabonyea na mtu. Maisha yangu yote nimesifiwa kwa kazi ambayo nusu yake ilikuwa ya kamba.

"Leta msumeno," nikamwambia Yohana.

"Boti si yangu!"

"Na mgongo je, ni wa nani?"

Tulitoa mbao za katikati, tukabakiza fremu, nikasuka kamba kama kitanda cha nyumbani. Felista alianika sufi juani na kuichambua, mimi nikakata godoro upya kufuata ule wembamba, nikapunguza ujazo. Jumapili, baada ya misa, Yohana akajinyoosha ajaribu. Hakujibu tena tulipomwita.

Mwenye boti akaja, akaona mbao zake zimelala ufukweni.

"Mmenivunjia boti! Na nahodha analala mchana?"

"Mwache, mzee," Felista akasema. "Tangu Kwaresima hajalala."

Nikamwamsha Yohana taratibu. Aliinuka, akatoka mwenyewe, akasimama wima huku akipiga miayo. Nikamwambia yule mzee, "Tafadhali, lala wewe kwanza, halafu utugombeze."

Akaingia huku akinung'unika. Manung'uniko yakapungua, yakakatika. Tulisubiri hadi jua likahamia upande wa pili wa boti. Alipotoka, shuka lilikuwa limemchora shavuni. Akamwambia Yohana, "Kesho uondoke mapema." Kisha akanigeukia mimi: "Na zile mbao utazirudisha kwangu nyumbani, usiziache hapa."

Nilizibeba. Zilikuwa nzito.

Tabora. Nimerudi na mgongo unaouma kuliko wa Yohana. Siku hizi mteja akija kuagiza godoro, sigusi kitambaa. Namwambia twende kwake kwanza, nikaone analilaza juu ya nini. Wengine huudhika. Nainama hivyo hivyo, nachungulia chini ya kitanda.