Kopo Chini ya Mawe ya Ketumbeine

Sumari alizaliwa wa mwisho, na katika ukoo wao kuzaliwa wa mwisho ni bahati ambayo mtu haitolei jasho. Kaka mkubwa, Frederick, alipewa shamba la juu, karibu na msitu wa Mlima Meru. Sumari, kitinda mimba, alipewa nyumba ya wazazi pale Moshono pamoja na kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka, migomba, kahawa na mama mzazi humo humo. Godbless, wa katikati, alipewa mkono wa heri. Hakuna aliyemwonea. Ndivyo mila ilivyo, na mila ikikuuma huwezi kuishtaki polisi.

Basi Godbless akapanga chumba Lemara na mkewe Angel, akaishi kwa kuchimba mashimo ya vyoo. Siku hizi Moshono nyumba zinaota kama uyoga, na kila nyumba inataka shimo. Alikuwa fundi hasa, tusimpunje sifa yake marehemu. Udongo wa huku chini ya Meru ni mzito. Ukiuchonga unasimama wima wenyewe, kwa hiyo hakuwahi kuweka ubao wala gogo la kuzuia kingo. Waliokuwa wakiweka aliwacheka. Alisema mchimbaji anayeogopa shimo lake akauze nyanya.

Sumari yeye aliendesha watalii. Kiangazi cha mwaka jana alipata wageni wa ajabu kidogo, mzee wa Kijerumani na mkewe, wote mvi tupu, waliotaka kwenda Ziwa Natron kwa ile njia ya vumbi inayoachana na lami Longido na kupita chini ya mlima Ketumbeine. Ni nchi kame ambayo unaweza kuendesha asubuhi nzima usikutane na kitu ila punda. Wageni hawakutaka simba wala tembo. Walitaka kutafuta vikopo. Walimweleza kuwa ni mchezo: watu duniani kote huficha kopo mahali, hutangaza mtandaoni mahali penyewe, na wengine huja na kifaa kinachosoma setilaiti kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, ukitaka unabadilisha kidude chako na kilichomo, unalirudisha pale pale, unaondoka. Sumari alingoja sehemu iliyobaki ya maelezo, haikuja.

Kopo walilipata kando ya korongo kavu, chini ya rundo la mawe, jirani na mgunga uliokufa. Yule bibi alipiga makofi kama mtoto. Ndani mlikuwa na sarafu ya nchi fulani, kifungo, twiga wa plastiki na ile karatasi. Mzee akaongeza pini, wakalifunga. Sumari aliwapiga picha wakiwa wamepiga magoti vumbini, kifaa mkononi. Mfugaji wa hapo, Sankale, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, aliuliza wageni wamepoteza nini. Sumari alimwambia hawajapoteza kitu, akamwachia namba yake, maana dereva wa njia zile lazima awe na mtu wa kumpigia gari likikwama.

Jumapili baada ya ibada familia ilikula kwa mama yao, Elinipa, na Sumari akazitoa zile picha ili watu wacheke. Wakacheka wote isipokuwa Godbless. Alishika simu akaitazama picha mpaka ndizi zikapoa kwenye sahani yake. Wajerumani, alisema. Na kifaa. Na mawe yamepangwa.

Nani wa huku hajasikia kwamba Mjerumani alipokuwa akikimbia vita alifukia rupia na dhahabu, akaweka alama kwenye mawe, na kwamba wajukuu zake wanarudi kimya kimya na ramani? Watu wamechimba makaburi ya wamisionari kwa habari hizo. Sumari aliueleza ule mchezo upya, na kila alivyoeleza ndivyo kaka yake alivyozidi kuona kwamba anafichwa. Watu wapande ndege, wale vumbi siku nzima, wafungue kopo la twiga wa plastiki, walifunge, warudi kwao? Hata mimi ninayesimulia ningeomba maelezo zaidi. Mwishowe Sumari alichoka, na mezani kwao kutaniana ni kawaida. Akainua mikono akasema haya kaka, umenikamata, ni mali ya Mjerumani, tena iko chini zaidi. Meza nzima ikaangua kicheko. Safari hii Godbless naye alicheka, kisha akauliza mahali penyewe ni wapi, akaomba atumiwe ile picha.

Haikupita muda mrefu Sankale akapiga simu. Alisema kuna watu wawili wanachimba penye mawe ya wazungu wako, na mmoja amefanana na wewe. Sumari alikuwa gereji akibadilisha oili. Udongo wa kule aliujua, gari lake lilishazama humo mpaka ekseli. Ni majivu ya volkano ya Oldonyo Lengai, juu gamba gumu, chini unga mtupu. Na kaka yake alimjua pia. Angelichimba shimo lile kama anavyochimba Moshono. Njia nzima, kupita Oldonyo Sambu na Longido, aliomba Mungu ampe jambo moja tu, amtoe Godbless shimoni kabla kingo hazijachoka.

Alimkuta ndani, kichwa hakionekani. Juu alikuwa Yona, mchimbaji mwenzake, akivuta ndoo kwa kamba. Kingo zilikuwa zimesimama wima, safi, hazina ubao hata mmoja, na pembeni majivu yalikuwa yakichuruzika taratibu kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Sumari alimwashiria Yona asogee nyuma, akapiga magoti mbali kidogo na mdomo wa shimo.

"Kaka, toka," alisema. "Udongo huu sio wa kwetu."

Akamwambia kwamba siku ile alikuwa anatania. Akaenda kwenye mawe, akalitoa kopo, akalifungua, akamshushia kwa ndoo ajionee mwenyewe. Godbless akaweka jembe chini akalipokea. Sumari akadhani yamekwisha, na machozi yalimlengalenga kwa nafuu.

"Hiki ni chambo," sauti ya Godbless ikapanda. "Wamekiweka kupumbaza watu kama mimi."

Sumari akamwapia kwa kaburi la baba yao. Godbless akajibu bila hasira kwamba baba ndiye aliyegawa kihamba, kwa hiyo asiapiwe kwa kaburi lake. Jembe likaanza tena. Hapo Sumari akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu baba azikwe, ingawa alilifikiria kila alipomwona kaka yake akitoka kwenye mashimo ya watu.

"Toka, Godbless. Nusu ya kihamba ni yako. Kesho tunamwita Frederick tunaweka mpaka."

Jembe lilisimama. Kisha Godbless akacheka, kicheko cha furaha kabisa.

"Kumbe ni nyingi hivyo," alisema. "Ungenipa kihamba kama humu hamna kitu?"

Alipiga jembe mara nyingine, na ukingo wa upande wa korongo ukashuka wote kwa pamoja, karibu bila sauti. Walichimba kwa majembe, kwa ndoo, kwa mikono. Sankale aliita watu wa boma lake. Kila walichotoa kilirudi. Walipompata, jua lilikuwa limeinama na mdomo wake ulikuwa umejaa majivu. Sumari alimlaza kwenye viti wanavyokalia wageni, akampeleka nyumbani.

Walimzika katikati ya migomba ya kihamba, kama anavyozikwa kila mwana wa nyumba ile. Hapo mila haikumnyima. Majirani walisema tamaa mbele, mauti nyuma, kisha wakamvuta Yona pembeni wamuulize korongo lenyewe liko upande gani wa barabara.

Watu walipoanza kutawanyika, Elinipa alimwita Sumari nyuma ya jiko. Alikuwa mama mtulivu, na hata siku ile sauti yake haikupanda. Alimuuliza walipata nini kule. Sumari akamweleza yote tangu mwanzo: mchezo, kopo, utani wake wa Jumapili, nusu ya kihamba aliyoitoa ukingoni mwa shimo. Alilia akieleza. Hakukuwa na kitu, mama, alisema, hakujawahi kuwa na kitu.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Sawa, mwanangu, sitauliza tena," alisema. "Ila sehemu ya kaka yako mpe Angel. Mali hiyo usiile peke yako kama kihamba."