Kipaza Sauti cha Mjerumani

Juzi nilikwenda studio moja Kiseke kurekodi tangazo la saluni, mwanangu amelala mgongoni, nami roho juu: akilia tu, kazi nimekosa. Mwenye studio akakishika kipaza sauti chake cha zamani kama yai. "Mjerumani halisi huyu, mama!"

"Mzee, hicho kimetoka Austria," fundi wake akabisha. "Mjerumani ndiye mshindani wa waliokitengeneza."

Wakapandishiana sauti, mtoto akaamka, akaachia yowe. Kumbe kipaza kilikuwa kinarekodi. Wenyewe wakalirudia yowe lile kwenye spika, wamefumba macho.

"Sikia sauti ilivyo nzito! Mjerumani!"

"Nyororo hivyo? Austria!"

"Samahanini," nikasema, "huyo baba yake ni wa Nansio, kisiwani hapo tu."

Wakacheka, kazi nikapata. Ila jamani, wamesikiliza kilio mpaka mwisho, asitokee wa kusema, "Mama, mnyonyeshe mtoto!"