Mbele ya Mlango wa Kanisa

Majirani zetu hapa Kisangani hawachoki kumtania baba yangu. "Papa Zuberi, Muislamu wa kuzunguka makanisa!" Yeye hucheka tu. Kupiga picha ndiyo kazi yake tangu ujana, na makanisa ya zamani ya vijijini anayapenda kupita kiasi: matofali yaliyochomwa palepale, milango mizito, mabati yenye kutu. Anasema yanaanguka moja baada ya jingine na hakuna anayejali. Mimi Aziza, binti yake, ndiye mbeba mkoba. Asante yake sijaisikia bado.

Safari hii alituomba kwenda nasi Mama Marie-Jeanne, mjane wa mtaa wetu. Mume wake, Constant, alikuwa akiuza samaki. Mtumbwi ulizama naye karibu na Yanonge, na mwili haukuonekana. Simu yenye picha zao zote ilikwenda naye. Maskini, hata kaburi la kulilia hana.

"Kanisa yetu ya ndoa iko kwenye njia ile," alimwambia baba. "Unipige pale mulangoni, halafu yeye utamuweka karibu yangu na ordinateur. Picha yake iko."

Hiyo nayo ni kazi ya baba, kuwaweka waliokwenda karibu na waliobaki kwa kompyuta. Akakubali.

Tulivuka mto mpaka Lubunga, tukakodi pikipiki. Kanisa la kwanza tulilipiga picha pande zote. Ndani walikuwa popo watupu. La pili ndilo lilikuwa la ndoa ya Mama. Mama alishuka, akaupapasa mlango.

"Bon, nionyeshe picha yake kwanza," baba akasema. "Nijue mwanga ulimpiga upande gani."

Mama akatoa kitambaa kifuani, akakifungua. Ndani mlikuwa na kadi ya kura ya Constant, ile aliyoiacha nyumbani. Tangu msiba hakuthubutu kuitazama. Wino wa kadi hizi hufutika upesi: jina lilisomeka kwa shida, na mahali pa uso palikuwa peupe pee.

"Haki ya Mungu! Mama, kwa nini hukutuonyesha kule mjini?" Nilikasirika kwelikweli. Baba alinikata jicho. Aibu ikanishika, maana mama alikuwa akiigeuza kadi huku na huku juani, labda uso utarudi.

"Alikuwa hapa," alisema. "Papa Zuberi, alikuwa hapahapa."

Baba si mtu wa kudanganya wateja. Alivua kofia yake.

"Mama, uso siwezi kuurudisha. Nikupige peke yako?"

"Hapana. Piga vile ulitaka kupiga, na nafasi yake."

Akasimama kando ya mlango, akanyoosha kitambaa cha kichwa. Baba akainama kwenye kamera.

"Donc, usitikisike."

"Ngoja kwanza!" Mama aligeuka, akapapima kwa macho pale pembeni yake. "Constant alikuwa mutu wa mabega. Hapa hatatosha."

Akasogea kidogo, akampisha.